Mulango Moya Ulinyamaza

Mujukuu wangu Kapinga,

Huku Kamalondo tuko bazima, mvua inapiga mabati.

Unaniuliza kama puce yako ya kupimia, ile chipu ndogo, ilikufa, juu volti ilipanda na mulango wake moya, pale waya inaingilia, ukanyamaza. Ngoya, usiitoshe ku mashini.

Nilipokuwa kijana ku mine ya shaba ya Kipushi, termometre zetu zote zilikuwa zinaingia ku puce moya. Waya ya kuran, ya umeme, iligusa waya ya termometre moya. Termometre zingine zikaendelea kusoma. Ile moya, kimya. Nikashika chuma ya kuchomea, nitoshe puce. Mukubwa wangu, Papa Ilunga, akanishika mukono.

“Haikufa. Imefunga ule mulango tu, kuran ya nguvu isiingie kuua zingine. Tengeneza waya, utaona.”

Nikatenga zile waya mbili. Namba ya ile termometre ikarudi yenyewe, bila mutu kuigusa. Nilicheka sana.

Sasa mama yako. Tangu ulimulalamikia na sauti ya juu ku telefone, hajibu, na weye unasema alikutupa. Lakini kila jioni anatuuliza kama ulikula. Shusha sauti, mwana wangu, halafu umupigie tena.

Niko pembeni yake naandika hii. Telefone iko ku magoti yake.

Kambo wako