Baba, Walikutii Wote

Baba yangu,

Salamu zikufikie huko uliko, na Mola akulaze pema. Nimetoka ukumbini sasa hivi. Nimewaeleza wenzangu wa idara ya afya jinsi tulivyotengeneza lile tangazo la wakati wa korona, wakapiga makofi, wakasema ni mfano wa kuigwa. Mimi nikakaa, nikanywa maji. Sikuhisi kitu, si furaha wala uchungu. Ndivyo nilivyo tangu uondoke.

Wakumbuka tulivyoanza? Mabango yangu yalijaa Mji wa Kale: "Epukeni mikusanyiko." Akina mama waliyasoma vizuri tu ukutani, kisha wakavua viatu wakaingia matangani. Nikajua hawa hawatamsikia mtu ila yule anayewaita. Na aliyewaita umri wao wote ni wewe, kwa kipaza sauti cha msikiti: fulani bin fulani amefariki, maziko baada ya alasiri. Mtu akisikia sauti yako alizima jiko akatafuta buibui.

Nilipokuja kukuomba uwaambie wasiende matangani, uliwaka. "Lo! Maisha yangu yote nawaita watu maziko, leo wataka niwafukuze? Hata haya huna, mwanangu?" Kesho yake ukanipigia simu mwenyewe. "Njoo na hicho kidude chako cha kurekodi. Lakini simsemi mtu mwengine. Nitajisema mimi."

Ukavaa kofia na koti, utadhani tunakupiga picha. Ukasema: "Jamani, ni mimi. Nikifa, msije kwangu. Niombeeni mkiwa majumbani mwenu. Mkono wa tanzia msipeane, uwekeni kifuani."

Tuktuk ikazunguka na sauti yako hadi Mbaraki, na matanga yakapungua watu. Nilikwambia, "Baba, wakusikia." Ukajibu alhamdulillahi, lakini hukucheka.

Kisha ukaondoka. Haikuwa korona, ulikuwa moyo tu, asubuhi, chai ikiwa mezani. Tulipokuzika, wachache wa nyumbani, nilirudi nikatandika majamvi sebuleni kwako, maana mikono ilitaka kazi. Hakuja mtu. Majirani walisimama madirishani, kila mmoja mkono kifuani. Na ile tuktuk ikapita. Hakuna aliyekumbuka kumwambia dereva azime, nikakusikia ukiwaambia wasije.

Walikutii wote, Baba. Nami nilikuwa nautazama mlango, nikimuomba Mungu anipe mkaidi mmoja tu.

Kwetu mtu halii peke yake, hushikwa akalia. Mimi sikushikwa. Nikayakunja majamvi, nikarudi kazini. Korona ilipokwisha, watu walirudi kwenye arusi na matanga ya wengine. Matanga yako yalikuwa yameshapita, hakuna aliyejua aanzie wapi.

Juzi Bi Zuhura, jirani yako wa mlango wa pili, alibisha hodi kwangu Tudor. Alikuwa amepanda ngazi zote na miguu yake ile, chupa ya kahawa mkononi. Hata hakungoja kukaribishwa.

"Babako alitwambia tusije," akasema. "Hakutwambia mpaka lini. Nimechoka kungoja, mwanangu."

Akanipa mkono, mkono wenyewe. Tulikaa mpaka kahawa ikaisha. Sikulia. Yeye alilia, mimi nikamshika.

Hilo sikuwaeleza ukumbini. Niliwaambia sauti inayoaminika, maneno machache, jambo moja. Sikuwaambia kwamba tangazo letu lilikosa mwisho wake, na kwamba tangazo la namna hiyo lazima siku moja mtu arudi alitangue.

Basi nimekodi tuktuk. Ijumaa baada ya alasiri tunakusomea khitma nyumbani kwako. Nimerekodi mwenyewe, jikoni, mlango nimefunga: "Jamani, ni mimi, mwanawe. Baba asema sasa njooni."

Nilipofika "njooni" sauti ilikatika. Nilitaka kurudia, nikaacha hivyo hivyo.

Majamvi nimeshayatoa juani.

Mimi mwanao,
uliyeniachia sauti