Taa Niliyoifunga Kwenye Sauti ya Shemeji

Ilala, Dar es Salaam

Dada yangu Zuhura,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeshatulia baada ya kuhamia kijijini, na nyumba mpya mmeiezeka kabla ya mvua. Tumbaku imekauka vizuri? Na mgongo, bado unakusumbua ukiinama? Mimi ni mzima, ila nimechoka, dada, mwili na moyo. Kaa kwanza ndipo usomewe yanayofuata. Mumeo yu hai.

Unajua tangu Shemeji Hamisi aniingize kwenye bendi yao, kazi yangu ni vyombo: amplifaya, vipaza sauti na mashine ya mwangwi. Mashine hiyo ina utepe unaozunguka. Inaishika sauti ya mwimbaji na kuirudisha nyuma yake. Vitufe vyake huzungushwa kwa mkono. Nilichoka kuvikimbilia katikati ya wimbo, nikaanza kutafuta namna ya kuvifanya vijiendeshe. Kwanza nilimtengenezea mpiga gitaa kidude kinachopandisha na kushusha sauti chenyewe, taratibu, ikawa inayumba vizuri. Kisha nikamwekea pedali, akikanyaga, kuyumba kunazidi. Mzee Kondo, kiongozi wetu, alifurahi sana.

Shemeji aliporudi kutoka huko nyumbani baada ya Idi, sauti yake ilianza kukatika. Ubeti wa kwanza anaumaliza, wa pili pumzi hana. Mara alisema ni vumbi la treni, mara mafua. Mzee Kondo akamwambia wazi kwamba asipopona atatafuta mwimbaji mwingine. Asubuhi moja shemeji akaja chumbani kwangu, akauliza kama naweza kuifanya sauti yake mwenyewe iiamuru ile mashine.

"Nikipungukiwa, initoe aibu," alisema.

Nikaifanya. Nilichukua globu ndogo ya tochi, nikaiunga iwake kwa nguvu ya sauti yake. Mbele yake nikaweka kidude kinachohisi mwanga, nikavifungia vyote ndani ya kopo la maziwa na kutoboa tundu la kuchungulia. Akiimba kwa nguvu, globu inang'aa na mwangwi unapungua. Akififia, globu nayo inafifia, na mwangwi unapanda kumbeba.

Ilifanya kazi mno. Watu walisema Hamisi hajawahi kuimba hivyo. Nami nilisifiwa, dada, nikazipenda sifa. Lakini mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nachungulia lile tundu, na kila wiki mwanga ulikuwa mdogo kuliko wiki iliyopita. Nilijiambia betri, nikabadilisha. Nilijiambia waya, nikalehemu upya. Ikaenda hivyo miezi mitatu.

Jumapili moja, dansi la mchana, wimbo ulianza na kwisha globu haijawaka hata mara moja. Watu wakapiga makofi. Nilimwona shemeji akifuta mdomo kwa leso na kuikunja haraka. Tulipopumzika nilimwomba ile leso. Ilikuwa na damu.

"Ukimwandikia dada yako," akasema, "mwambie tumesafiri Mtwara."

Kesho yake kwenye mazoezi, alipofika ubeti wa pili, nilichomoa waya wa mashine ya mwangwi. Sauti ikatoka peke yake, na haikuwa sauti, ilikuwa hewa. Wapigaji wakaacha vyombo mmoja mmoja. Mzee Kondo akamwambia akae. Shemeji alinigeukia.

"Umenivua nguo mbele ya watu," akasema.

Nilimshika mkono tukaenda hospitali, na hakubisha. Alikuwa mwepesi, dada.

Ni kifua kikuu. Daktari amesema kinapona kwa sindano na vidonge, miezi mingi, asikose hata siku moja. Kuhusu kuimba hakuahidi. Aliuliza kwa nini tumechelewa hivi. Nataka uyasikie haya kutoka kwangu: niliona anaumwa, nikautengenezea ugonjwa wake mahali pa kujificha. Mzee Kondo ameliomba lile kopo kwa ajili ya mwimbaji mpya. Nimekataa, na huenda kazi yangu ikaishia hapo.

Shemeji haongei nami. Nampelekea uji wodini, anakunywa, anageukia ukutani. Kesho nitampelekea tena.

Nakuomba uwapeleke watoto zahanati wapimwe kifua, nawe upimwe, maana Idi mlilala naye nyumba moja. Usingoje kwanza mtu akohoe. Kama majibu ni salama na ukapata wa kubaki nao, panda treni uje. Mimi nitakuwa stesheni.

Nisalimie mama mdogo wa Ntalikwa, umwambie blanketi lake ndilo ninalojifunika. Nisalimie wapwa zangu wote wawili. Baba mkwe wako pale Kaliua mweleze kwa upole, ana kwa ana, asisikie kwa abiria. Na jirani yako anayekusomea barua, kama ndiye anayesoma sasa, namwomba haya yabaki humo ndani.

Usije ukadhani shemeji hakutaki. Siku ya kulazwa muuguzi alimuuliza jina la mtu wake wa karibu. Nilifungua mdomo nitaje langu. Akanizuia kwa mkono, akataja lako, kwa kunong'ona. Muuguzi hakusikia. Akalitaja tena, na tena, mpaka likaandikwa.

Mdogo wako,
Salumu