Niirekebishe Ripoti, Thoya Afungwe?

Mpendwa Bi Dhahabu,

Naomba msaada, na unisamehe maneno yangu yakiwa makali, maana naandika nikiwa na saumu na hasira pamoja. Mimi ni msichana wa Kisauni, nafanya kazi ya kompyuta katika ghala moja la chai Changamwe, na kila asubuhi ni mimi ninayemtolea meneja ripoti ya magunia yaliyomo kila banda. Ripoti hiyo huvuta hesabu yenyewe kutoka faili za makarani, na ndani yake imeandikwa njia, yaani faili ya kila banda imo folda gani, ili ijue pa kwenda. Sasa mkuu wa ofisi yetu ni Badi, mume wa dada yangu Waridi, ndiye aliyeniingiza kazini na kwake ndiko ninakolala. Mwisho wa Shaabani, watu wakipaka chokaa na kufua mapazia kuupokea mwezi, naye akaona asafishe kompyuta, akafungua folda mpya, akanakili faili zote humo, akawaambia makarani waandike humo, na zile za zamani akaziacha pale pale, na mimi mwenye ripoti asiniambie neno.

Laiti angezifuta! Ripoti ingekosa faili, ingekataa, tungejua. Lakini ilizikuta, ikaendelea kusoma hesabu za zamani kana kwamba hakuna gunia lililotoka, na huku malori yanapakia kila siku kwenda bandarini. Meneja akaenda banda la tatu, akakuta patupu pale ripoti inaposema pamejaa, akamwita Thoya, karani wa banda hilo, akamwambia kompyuta haidanganyi, mwizi ni wewe. Thoya akafungua faili yake mpya aonyeshe kila gunia lilivyotoka, Badi akasema mbele ya watu kwamba hesabu hizo Thoya kazipika kuficha wizi. Amesimamishwa kazi, na baada ya Idi atapelekwa polisi. Alipopita mezani pangu aliniuliza, "Dada, hiyo mashini yako yaniona mwivi?"

Nilipochunguza nikaona njia bado inaelekea folda ya zamani, nikamkimbilia Badi nikidhani atafurahi. Wallahi uso haukumbadilika. Akaniambia, "Wewe irekebishe hiyo njia kimya kimya, folda kuukuu uifute, na mdomo ufunge. Mimi si wa kwenda kumwambia meneja nilikosea." Nikimtii, ripoti itasema kweli kuanzia kesho, na Thoya atabaki mwizi maisha yake yote, kwa kuwa ushahidi nitakuwa nimeufuta kwa mkono wangu. Na wakati wa kufuturu Badi hukaa akila kaimati na kutuhadithia adhabu ya wezi, natamani nimmwagie uji! Dada naye amesema nikimvunjia mumewe heshima nifungashe virago. Nifanye nini?

Mwenye Kuungua, Kisauni

*

Mwenye Kuungua,

Uji usimmwagie, ni dhambi kuharibu futari. Hasira yako ni ya haki, na mimi barua yako nimeisoma nikaitupa miwani mezani. Shemeji yako ni mwoga, na mwoga mwenye cheo ni balaa. Lakini nawe sikupigii makofi. Kweli unaijua, Thoya haijui, na bado umekaa unauliza ufanye nini? Kila siku unayonyamaza, huo uongo wa Badi unausaidia kutembea.

Sasa sikiliza. Ripoti usiiguse. Usibadilishe herufi, usifute folda. Kesho ukifika kazini tu, inakili folda ya zamani kwenye disketi, ukaiweke kwa mtu unayemwamini, si chini ya paa la Badi. Ukishaiweka, ndipo umwambie: "Shemeji, naingia kwa meneja. Ukitaka kusema mwenyewe, tuingie pamoja." Hiyo ndiyo heshima anayokudai, hakuna nyingine. Akikataa, ingia peke yako.

Mwombe meneja amwite Thoya. Fungua ripoti mbele yao, waione njia inapoelekea. Waonyeshe faili ile ya zamani iliandikwa mara ya mwisho lini, waone ni kabla ya Ramadhani. Kisha ubadilishe njia hapo hapo, wakitazama, hesabu ishuke mbele ya macho yao. Meneja akibisha, mwambie aulize getini malori mangapi yalipita na chai, maana magunia hayatoki Changamwe kwa miguu. Na umwambie, kwa adabu, kompyuta husoma pale ilipoambiwa isome, basi. Tangu siku hiyo, asihamishe mtu faili pasi na kukuarifu wewe.

Dada yako akisema ufungashe, fungasha. Vyumba vya kupanga Bombolulu vipo, na udugu utarudi hasira zikipoa. Thoya hana pa kuhamia akalikimbia jina la mwizi.

Na ukishindwa kuingia mlango ule, mimi usiniandikie tena. Mwandikie mke wa Thoya, umweleze kwa nini mumewe hatakuwapo nyumbani Idi ya kuchinja.

Bi Dhahabu