Ukuta wa Bi Pilling

18, Barabara ya Larchfield
Jumapili, 11 Agosti 1968

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Natumaini kifua kimetulia na kwamba dawa unakunywa mwenyewe, huyamwagii maua. Mimi nimefika salama. Shangazi Edna alinipokea stesheni akiwa amevaa glavu. Glavu, Bibi, mwezi wa nane, katikati ya joto! Anakusalimu.

Uliniambia nikuandikie ukweli, kwa sababu Shangazi anataka nibaki naye na kutafuta kazi ya kupiga chapa, na wewe hutaki nibaki mahali nisipopapenda. Basi ukweli ni kwamba pazuri, na ninaogopa.

Kwetu Crawbeck ukitoka kwenda chooni hufiki kabla hujaulizwa habari na watu watatu. Huku barabara ni safi na haina mtu. Nyumba zimejengwa mbili mbili, zimeshikana kwa ukuta mmoja kama mapacha waliogombana wakapeana mgongo. Jana nilitembea hadi sanduku la posta, sikukutana hata na paka. Mapazia tu yalikuwa yakitikisika kidogo kila nilipopita. Niliporudi, Shangazi alikuwa ameshapigiwa simu kwamba mtoto wa kaka yake anakula tufaha njiani.

Leo baada ya chakula niliachwa jikoni naosha vyombo, nikaanza kuimba wimbo wa kanisani. Unajua siimbi mbele za watu, lakini nilidhani niko peke yangu. Ukuta ukagongwa. Ngo. Ngo. Ngo. Ni upande wa jirani, Bi Pilling, mama mzee anayeishi peke yake.

Shangazi aliingia mbio, uso umemwiva.

"Umeona sasa? Miaka kumi na moja niko hapa, sijawahi kugongewa ukuta!"

"Niliimba polepole, Shangazi."

"Polepole ya Crawbeck hiyo! Huku ukuta ukigongwa maana yake ni moja tu: nyamaza."

Nimenyamaza, Bibi. Lakini baadaye tulikuwa tumekaa tunakunywa chai, hakuna aliyesema neno, kijiko sikukigusisha kikombe, na ukuta ukagongwa tena.

Mjukuu wako,
Hazel


Crawbeck
Jumanne, 13 Agosti

Mjukuu wangu Hazel,

Marahaba. Kifua kinakohoa chenyewe, mimi simo. Bi Dobson aliingia jana kuazima sukari akakaa mpaka mumewe akaja kumtafuta, naye pia akakaa. Wote wanakusalimu.

Kuhusu tufaha, mwambie Edna nilimlea mimi, na alikuwa akishinda barabarani na kipande cha mkate kilichopakwa mafuta ya nyama, mashavu yote yanang'aa, na hakuna aliyempigia mtu simu. Hatukuwa na simu, lakini tungekuwa nayo tusingeipoteza kwa jambo hilo.

Sasa hili la ukuta silipendi. Huenda huko ni kama alivyosema. Lakini kwetu ukuta haugongwi kwa hasira. Mwenye hasira anakuja mlangoni umwone sura. Kwetu ukuta unagongwa mtu akianguka, au uchungu wa kuzaa ukimshika, au mumewe akiacha kupumua. Unachukua chuma cha kuchokolea moto, unagonga nyuma ya meko, na jirani anaacha chochote alichoshika. Baba yako alizaliwa hivyo. Niligonga, Bi Dobson akaja na unga mpaka viwikoni, na baba yako akaingia duniani mweupe kama andazi bichi.

Tena Pilling si jina la huko, ni la huku kwetu. Nilisoma na akina Pilling, wote walikuwa na chawa, Mungu awarehemu.

Sikiliza vizuri. Aliyekasirika hugonga haraka haraka, yakaisha. Anayeita hugonga, akangoja. Muulize shangazi yako. Anajua, hata akijifanya hajui.

Bibi yako


18, Barabara ya Larchfield
Ijumaa, 16 Agosti

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Unaendeleaje? Mimi mwili ni mzima, ila chakula hakipiti.

Kabla barua yako haijafika tulikuwa tumenyamaza mno. Shangazi ameshonea miguu ya viti vipande vya zulia kuukuu. Televisheni tunaitazama bila sauti, watu wanafungua na kufunga midomo kama samaki. Tunatembea na soksi. Na kadiri tulivyozidi kunyamaza, ndivyo ukuta ulivyozidi kugongwa. Jumatatu mara nyingi. Jumanne tena. Jumatano usiku Shangazi aliandika karatasi ya kuomba radhi akaipenyeza mlangoni kwa Bi Pilling. Hakujibiwa, akalia.

Barua yako ilifika jana. Niliisoma mara mbili, kisha nikamsomea Shangazi mezani, sehemu ya ukuta tu, ile ya mkate nikairuka. Alisimamisha uma hewani.

"Mama anaishi mwaka gani?"

"Lakini Shangazi, anagonga kisha anangoja. Nimesikiliza."

"Huku si Crawbeck, Hazel. Huku mtu haingii kwa mtu. Bi Pilling ni mstaarabu. Tunasalimiana, tunaambiana hali ya hewa, basi. Unataka niende mlangoni kwake nimwambie nini? Samahani, umeanguka?"

"Ndiyo."

"Na kama hakuanguka? Nitaificha wapi sura yangu?"

Bibi, nadhani anakumbuka. Ulipotajwa unga wa Bi Dobson alitazama pembeni.

Leo asubuhi nilikwenda peke yangu. Nilifika mpaka langoni kwa Bi Pilling. Mlangoni zilikuwepo chupa mbili za maziwa, ya jana na ya leo, krimu imeshaanza kuvimba chini ya kifuniko. Nikashika kilango. Ng'ambo ya barabara pazia likasogea, na miguu yangu ikagoma. Nilibaki pale kama mwizi aliyesahau alichokuja kuiba. Kisha nikarudi ndani. Nilimwambia Shangazi habari ya maziwa, akasema labda Bi Pilling amekwenda kwa jamaa zake.

Labda. Lakini jana mchana, chupa ya kwanza ikiwa bado nje, ukuta uligongwa. Si kama mwanzo. Uligongwa kwa unyonge, chini, karibu na sakafu.

Leo haujagongwa kabisa. Shangazi anasema, "Unaona? Amesharidhika." Nimekaa na sikio ukutani na sisikii kitu. Nifanye nini, Bibi? Naomba unijibu upesi. Au nije nyumbani.

Mjukuu wako,
Hazel


SIMU YA MAANDISHI
Crawbeck, Jumamosi, 17 Agosti

HAZEL USINIANDIKIE TENA NENDA SASA HIVI KAVUNJE DIRISHA
BIBI


Crawbeck
Jumatatu, 19 Agosti

Hazel, mjukuu wangu,

Hujambo? Sikuulizi kwa desturi, nakuuliza kweli.

Nilikuambia usiniandikie, na wewe, mtoto mtiifu, umeniweza. Leo mleta barua amepita kwangu bila kusimama. Jana baada ya kanisa nilikwenda na Bi Dobson kwenye kibanda cha simu, tukapiga namba ya Edna. Ililia mpaka watu waliopanga foleni wakaanza kugonga kioo. Tumerudi tena leo asubuhi. Imelia vilevile.

Ninawaza mambo ambayo bibi hapaswi kuyawaza. Nimemtuma mtoto wa miaka kumi na sita, anayeona haya hata kuomba chumvi, akavunje nyumba ya watu. Kama ulikuta ndani kile ninachokihofia, hukupaswa kukikuta peke yako. Ningepanda treni mwenyewe, kifua na vyote.

Bi Dobson anasema ukimya si habari mbaya. Nimemwambia anyamaze. Kisha nimemwambia aseme tena.

Andika neno moja tu, hata likiwa baya.

Bibi yako


Hospitali, benchi la nje ya wodi ya wanawake
Jumanne, 20 Agosti

Mpendwa Bibi,

Shikamoo, na unisamehe. Tuko salama mimi na Shangazi. Hatujakaa nyumbani isipokuwa kulala, ndiyo maana simu yenu ililia bure. Barua yako nimeiona sasa hivi tu, nilipopita nyumbani kuchukua gauni la kulalia.

Jumamosi simu yako ya maandishi alipewa Shangazi mlangoni. Alidhani ni msiba. Alipoisoma akasema, "Mama ameshapata wazimu," nikaichukua mkononi mwake nikatoka. Sikuvaa hata viatu. Alinifuata akininong'oneza kwa nguvu, "Hazel! Hazel, rudi, watu wanaona!" Nilijua wanaona. Mapazia yalikuwa yakisogea kila upande, na nikasukuma kilango. Chupa sasa zilikuwa tatu.

Niligonga mlango. Kimya. Nikapiga magoti, nikainua kifuniko cha tundu la barua, nikataka kuita. Bibi, sauti haikutoka. Harufu ndiyo iliyotoka, harufu ya chumba cha mgonjwa aliyeachwa.

Shangazi aliiona sura yangu. Akanisogeza kwa kiwiko, akapiga magoti na glavu zake, akaweka mdomo kwenye tundu. Na hakuita kwa ile sauti yake ya simu. Aliita kwa lafudhi ya kwetu, kama mtu anayemwita mwenzake kutoka mwisho wa uchochoro:

"Mama weee! Upo humo? Usisogee, tunakuja!"

Tukangoja. Kisha tukasikia chuma kikiburutwa juu ya vigae, na ngo. Mara moja tu.

Shangazi alinyanyua chupa ya maziwa akaipiga kwenye kioo cha mlango. Maziwa yalimrukia mpaka kwenye nywele.

Alikuwa sakafuni mbele ya meko, Bibi. Mguu wake umekaa vibaya, sitaueleza. Mkono mmoja umeshika chuma cha kuchokolea moto. Kando yake ilikuwepo chupa ya mpira ya maji ya moto, kizibo kimefunguliwa, tupu. Maji yake ndiyo aliyokuwa akiyanywa. Tumeambiwa mwanzo ulikuwa ugonjwa tu, mguu ulivimba, akajikokota hadi kwenye maziwa tu asiweze kwenda zaidi, akagonga ili aitiwe daktari. Alhamisi alijaribu kusimama, akaanguka. Karatasi ya Shangazi ya kuomba radhi ilikuwa bado chini ya mlango.

Gari la wagonjwa lilipokuja barabara nzima ilikuwa madirishani. Hakuna aliyetoka. Mimi ndiye niliyemshikia kichwa.

Hapa hospitali muuguzi mkuu alitusimamisha mlangoni. "Ndugu tu ndio wanaoingia. Nyie ni nani wake?"

Nikasema, "Majirani."

"Basi njooni Jumatano, saa ya kutazama wagonjwa."

Shangazi alikuwa bado na maziwa kwenye nywele. Akavua glavu, moja, ya pili, akazitia mfukoni. Akasema kwa lafudhi ileile, "Mimi ni binti yake, dada. Na huyu ni mjukuu." Muuguzi alimtazama, akatazama fomu aliyoishika, akasogea pembeni.

Siku mbili hakufungua macho. Daktari hakutaka kutuahidi kitu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, kwa sababu Ijumaa nilikuwa nimeshika kilango kile nikakiachia. Nilimwambia Shangazi hivyo. Akasema, "Wewe ulifika langoni. Mimi sikufika hata hapo."

Leo asubuhi daktari amesema nyonga itachukua miezi, lakini moyo una nguvu na ataishi. Sikuamini mpaka nilipomsikia Bi Pilling mwenyewe. Alifungua macho akatutazama.

"Nyie ndio wa upande wa pili?"

"Ndiyo, mama," Shangazi akasema.

"We ni wa wapi?"

"Crawbeck."

Bi Pilling akafumba macho. Nikadhani amelala tena. Kisha akasema, taratibu, kwa maneno ya kwetu kabisa, kama vile Bi Dobson angeyasema:

"Nilidhani nyie ndio mmekufa humo ndani. Kila nikigonga, mnazidi kunyamaza."

Shangazi alianza kulia, Bibi, kwa sauti kubwa, wodi nzima ikageuka kutazama, na hakumwomba mtu radhi.

Mjukuu wako,
Hazel