Wa Kugeuza Usukani

Jumatatu, 4 Agosti
Mafuta ya usukani sawa. Maji sawa. Upepo wa matairi sawa. Ila ule mlio bado. Nikikata kona kwenye robot ya juu, zile taa za barabarani, gari inagonga chini upande wa kushoto, ko, ko. Na usukani unacheza mkononi kabla gurudumu halijasikia.

Bahati angejua. Miaka kumi na moja tumekaa naye chumba hiki hapa Sydenham, Durban, gari moja, sufuria moja. Yeye fundi, analala chini ya gari. Mimi natengeneza simu, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kukaa kitini na kugeuza usukani anapopiga kelele: kushoto, kulia, simama. Mwezi wa tatu mke wake akamvuta Kanada. Gari kaniachia. Na sanduku la spana.

Jumanne, 5 Agosti
Wenzangu dukani wananiambia nipeleke gereji. Sitaki. Mtu mwingine akitia mkono mle, ni kama nimekubali kwamba Bahati harudi. Ujinga, najua.

Jumatano, 6 Agosti
Nimenunua rotule ya kushoto, lile goti la chuma linalounganisha fimbo ya usukani na gurudumu. Bahati alinifundisha kwa mdomo: ukifungua ya zamani, hesabu mizunguko, mpya iingie kwa hesabu ileile. Nilifika kumi na mbili, simu ikalia. Nikaacha kila kitu nikaikimbilia, nikidhani ni yeye. Tangazo la mtandao. Niliporudi hesabu imepotea. Nimefunga kwa kukisia.

Alhamisi, 7 Agosti
Leo nusura nimuue Mama Safi.

Ni mama wa Uvira, anakaa chumba cha pili kutoka changu. Kila Alhamisi nampeleka hospitali, kidonda chake cha mguu kikafungwe upya. Hana mwingine wa kumpeleka. Usukani umekaa upande, gari inavuta kushoto, na mlio uko palepale. Kwenye mteremko gari ikanitoka, tukapita taxi kwa upana wa kidole. Dereva wake alinitukana Kizulu, na alikuwa na haki. Nikamwambia mama ni ubaya wa barabara.

"Barabara iko bien," kasema. "Gari yako ndiyo iko mgonjwa kunipita mimi."

Nimemdanganya mama wa watu. Simpakii mtu tena mpaka nijue ugonjwa uko wapi, na kidonda hakitasubiri zaidi ya Alhamisi ijayo.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimejaribu peke yangu. Nageuza usukani, nashuka mbio, nalala chini, chuma kimeshatulia. Nikafunga kamba kwenye usukani, nikavuta nikiwa chini. Kamba ikateleza ikanipiga usoni. Majirani walicheka, hata mimi ningecheka.

Nimemtumia Bahati ujumbe wa sauti, dakika nne nzima. Ameusikiliza. Hajajibu. Nimemkumbuka hadi nina hasira.

Jumamosi, 9 Agosti
Sikukuu ya wanawake, kazi hakuna. Sina pa kwenda. Nilikuwa nimekaa chini nimeegemea gurudumu, bila kufanya kitu.

Mama Safi akatoka na fimbo yake, akafungua mlango, akakaa kiti cha dereva bila kuniomba. Hajawahi kushika usukani maisha yake yote. "Papa, lala. Uniambie tu nigeuze wapi."

Nikalala. Kiganja kwenye rotule mpya. Kushoto, kulia, kidogo kidogo. Imetulia. Nikahamia upande wa kulia, kuhakikisha tu. Kushoto, kulia. Ikanigonga kiganjani, waziwazi. Kumbe mbovu ni ya kulia. Chuma kinabeba sauti hadi upande wa pili, ndiyo maana Bahati hakuamini sikio, aliamini mkono. Mimi nimetoa nzima, nikaacha mbovu, halafu nikampakia mama.

Miaka yote ile niko juu, sikuwahi kujua yeye anasikia nini huku chini. Nimelia kulekule. Si kwa ajili ya rotule. Mama akapiga honi, akauliza kama nimekufa.

Jumatatu, 11 Agosti
Nimeomba ruhusa kazini. Rotule ya kulia. Mama Safi kwenye kiti chake cha plastiki anahesabu mizunguko kwa sauti, Kifaransa, kama mwalimu. Dix-sept, kumi na saba. Simu ililia mara mbili, sikuinuka. Kisha taratibu hadi Pinetown, kwa mafundi wa magurudumu, wakayanyoosha. Usukani sasa umekaa katikati.

Alhamisi, 14 Agosti
Hospitali na kurudi. Gari kimya. Mama alisinzia njiani, jambo ambalo hajawahi kufanya kwenye gari yangu. Kidonda kimeanza kufunga.

Bahati amejibu. Kasema niuze gari nikipenda, yeye Durban harudi tena. Kasema kwa upole. Nimesikiliza mara moja, inatosha.

Tulipofika nyumbani Mama Safi hakuingia ndani. Alizunguka na fimbo yake akakaa kiti cha dereva, akaningoja. Haikuwa lazima. Nikalala chini, nikashika rotule. Kushoto, nikasema. Kulia. Hakuna kinachocheza. Nikamwambia ageuze tena.