Grinda Mpya ya Nafula

Kwako Baba uliyetutangulia,

Grinda yako, ile ya kukatia chuma, ilikufa Jumanne, mikononi mwa Nafula, akiwa katikati ya kutengeneza geti la mteja wa Matulo. Tangu uondoke, dada yangu ndiye anayeendesha kibanda chako cha kuchomelea pale Kitale. Anasema ilitoa moshi, ikanuka, ikanyamaza. Fundi wa umeme aliifungua akakuta koili imeungua na beringi zimelika. Unajua ilivyofanya kazi miaka yote. Hakuna wa kulaumiwa.

Mteja alikuwa anangoja, kwa hivyo nilinunua nyingine hapa Bungoma, ya bei nafuu kuliko zote dukani, nikampelekea Nafula kesho yake. Ni nyepesi, waya wake mfupi, mwili plastiki tupu. Nafula aliipima kwa mkono akacheka. "Hii ni grinda ama ni simu?"

Kisha akasema maneno yako: "Nipe spana."

Kila grinda mpya iliyoingia kibandani ulikuwa ukiivua kinga siku hiyo hiyo, lile bati linalofunika nusu ya diski, ndiyo diski kubwa ipate nafasi. Mafundi wote wa safu yenu walifanya hivyo. "Kinga ni ya wanafunzi," ulisema. Mwaka ule nilikuja likizo kutoka kazini, nikakushikia chuma, na spana nilikupa mimi. Diski ilipasuka kabla ya saa sita. Njiani kwenda hospitali, jicho la kushoto ukiwa umelifunika kwa shati langu, uliniambia, "Waambie diski ilikuwa mbovu. Basi."

Nikawaambia, hospitalini na nyumbani. Kazi yangu ni kuuliza watu kilichotokea na kukiandika kilivyo. Hicho sikukiandika popote.

Safari hii spana sikuitoa.

"Ati kinga? Inanizibia laini ya kukatia, bana," Nafula alisema. "Na si Baba alitoa zake zote?"

"Alitoa. Ndiyo maana alipoteza jicho."

"Si ilikuwa diski mbovu?"

"Diski ilikuwa nzima. Ilikuwa kubwa kuliko grinda. Nilikuwa pale."

Alinitazama. "Na miaka hii yote nakata na ile yake bila kinga, wewe unaniangalia tu?"

Niliitia spana mfukoni.

Alichukua diski ndogo iliyokuja ndani ya boksi, akaifunga, akaiacha kinga mahali pake, akamaliza geti.

Sikuombi radhi kwa kuvunja neno letu. Nakujulisha tu, kwa sababu lilikuwa lako pia.

Geti limeshawekwa Matulo. Nondo moja imekatwa mshazari kidogo. Nafula aliiona kabla ya mteja, kwa macho yote mawili.

Pumzika, Baba.

Mwanao mkubwa,
Bungoma