Mjane Anayepika Samaki kwa Pua

Mpendwa mshauri,

Nina jambo la kuomba msaada, na nakuomba pia jina langu lisitoke gazetini, ingawa ukishasoma utaona kwamba mtaa wote wa Bagbazar utanijua, maana nyumba yenye kibao kama chetu ni moja tu.

Mimi ni mjane wa miaka sitini na kitu, ninaishi na mwanangu Dibyendu na mke wake Shraboni katika nyumba tuliyoachiwa na marehemu mume wangu, na ghorofa ya chini tumeifanya mahali pa kulishia wasafiri, wale wanaofika Kolkata wakiwa wamechoka na hoteli na wanataka kula chakula cha Kibengali nyumbani kwa watu, basi wanaketi kwenye meza yetu ndefu tunawapa wali na mboga chungu kwanza kama inavyotakiwa, kisha dengu iliyopikwa na kichwa cha samaki, kisha samaki mwenyewe, kisha chatini na mtindi mtamu, na wengine wanaanza na mtindi, tunawaacha.

Samaki ninayewapikia zaidi ni ilish wa haradali, na hapo ndipo lilipo tatizo langu. Mume wangu alipofariki niliacha samaki, kwa desturi ya wajane wa kwetu, kama alivyoacha mama mkwe wangu na mama yake kabla yake, wala hakuna aliyenilazimisha, tena siku ndugu waliporudia kula samaki baada ya matanga mwanangu alinisihi mbele yao wote, akasema, "Mama, wajane wa siku hizi wanakula, kula na wewe," nami nikamjibu kwa sauti ya kusikika hadi barazani kwamba mimi si wajane wa siku hizi. Watu walinisifu sana. Sifa zile ndizo zilizonifunga.

Basi tulipoanza kulisha wasafiri mgeni mmoja akauliza kwa nini mpishi haonji, Dibyendu akamweleza kwamba mama hupima chumvi kwa kunusa, na yule mgeni akashangazwa na hilo kuliko alivyoshangazwa na chakula, na haukupita muda mlangoni kukawa na kibao kinachosema kwamba humu ilish hupikwa na mjane ambaye hajaonja samaki tangu afiwe, anapika kwa pua. Wakati ule ilikuwa kweli. Wageni waliongezeka. Mreno mmoja aliomba kuipiga picha pua yangu, nikamruhusu.

Masika ya mwaka juzi nikashikwa na mafua. Wewe unajua kwamba haradali isiposagwa pamoja na chumvi na pilipili mbichi hugeuka chungu, na siku hiyo niliisaga bila kusikia harufu yoyote, wageni wa kwanza wakarudisha vipande karibu vizima, na wa pili walikuwa tayari wananawa mikono, nikachovya kidole kwenye mchuzi nikalamba, nikarekebisha, wakala wakasifu pua yangu. Kesho yake mafua yalikuwa bado, nikalamba tena, na yalipoisha nikaendelea kulamba, kisha nikaona kulamba mchuzi na kuacha samaki ni kujidanganya, kwa sababu mchuzi ni samaki, nikachukua kipande cha mkia, ambacho mgeni hapewi kwa wingi wa miiba yake, nikakila nimesimama nyuma ya mlango wa stoo. Tangu hapo, mshauri, ilish akiingia jikoni silali bila kumla. Miiba naifunga kwenye gazeti, na uniwie radhi, mara nyingi ni ukurasa huu.

Mwaka huu, siku ya kumkumbuka mume wangu, wageni wakiwa mezani, mwiba ulinikwama kooni. Dawa yake kila mtu hapa anaijua, unameza tonge la wali mkavu bila kutafuna, basi nikaenda kwenye sufuria ya wali mbele ya watu wote machozi yakinitoka, nikafinyanga tonge nikameza, nikafinyanga jingine nikameza. Mtu mwingine yeyote mjini humu angeulizwa papo hapo ni samaki gani. Mimi sikuulizwa, kwa sababu mjane hakwamwi na mwiba. Dibyendu alinishika bega, akawageukia wageni akasema, "Leo ndiyo siku baba alipotutoka." Mama mmoja kutoka Pune akaanza kulia, na meza nzima ikala wali mkavu kidogo pamoja nami kwa heshima. Tangu siku hiyo Dibyendu huwasimulia wageni habari za tonge la kumbukumbu, na wapo wanaouliza kwa upole kama leo mama atakumbuka.

Hayo yote ningeweza kuishi nayo. Kinachoninyima raha ni Minoti.

Minoti ndiye anayetusaidia jikoni, anakuja kila asubuhi kwa treni ya kusini, anapaa samaki, anaosha vyombo, anatoa takataka, na yuko kwetu tangu Dibyendu hajaoa. Sasa Shraboni, ambaye macho yake hayana mapumziko, aliona kwamba mikia haifiki jioni. Kwanza ilisemwa ni paka, na mimi nilikuwa wa kwanza kusema, dirisha likawekwa wavu, mikia ikaendelea kupungua, Shraboni akaniuliza, "Mama, huyu paka wako anafungua kabati na kulifunga?" Nikasema paka wa Bagbazar ni wajanja. Juzi Jumatatu akamwita Minoti jikoni, sote tukiwepo.

Akamwambia, "Minoti, kama una hamu ya samaki sema. Hakuna aliyekunyima chakula humu. Lakini kuchukua kimyakimya, hapana."

Minoti akajibu, "Dada, nikiwa na hamu ya samaki nanunua nakula kwangu." Baada ya hapo hakumtazama tena Shraboni. Alinitazama mimi.

Nikasema, "Tusiharakishe."

Dibyendu akasema mama ni mpole mno, na kwamba katika kesi ya samaki mama hawezi kuwa shahidi, hata ladha yake ameshaisahau. Wameamua Minoti aondoke kabla ya sikukuu ya Puja, wakati kila nyumba inawavisha watu wake nguo mpya, na Shraboni ameshawaonya majirani wawili wasimchukue.

Nikisema ukweli, kibao kitashuka, mwanangu ataonekana mwongo mbele ya wageni, na wale ndugu walionisifu watanisema mpaka siku ya kuchomwa maiti yangu. Nisiposema, Minoti anaondoka na jina la mwizi. Nilifikiri niache tu kula ili mikia isipotee tena, lakini nikaona watasema mikia imetulia kwa kuwa Minoti ameshtuka, tena sikufichi, kuacha kwenyewe sitaki. Nifanye nini?

Mjane wa Bagbazar

*

Mshauri anajibu:

Mama, mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, kwa hiyo tuanze na kazi.

Umeniandikia habari za pua, kibao, ndugu na paka, na Minoti ukamweka mwishoni. Alipaswa kuwa mstari wa kwanza. Mengine yote yanaweza kungoja hadi baada ya Puja. Lake haliwezi.

Jambo moja nadhani unalijua, ila hukutaka kuliandika. Mtu anayetoa takataka za jiko anajua nani anakula nini. Kufunga miiba kwenye gazeti hakumfichi samaki, na mvua hizi ilish hunuka hata kwenye kurasa za michezo. Minoti amebeba vifurushi vyako miaka miwili bila kuuliza. Alipoitwa mwizi, jibu alikuwa nalo mdomoni, akalimeza, akakutazama ili ulitoe wewe. Ukasema tusiharakishe. Basi usijiandae kumpasha habari. Jiandae kumwomba radhi mtu aliyekusitiri wakati wewe hukumsitiri.

Kula samaki si kosa. Ungekuwa umeacha kwa imani, ningekuambia kaa na imani yako na nisingekuwa na la kuongeza. Lakini kwa barua yako mwenyewe uliacha kwa sababu baraza lilikuwa linasikiliza. Mwanao alikufungulia mlango mchana kweupe, ukaufunga, kisha ukaenda kupitia dirishani. Na hata wizi wenyewe huujui. Jiko ni lako, samaki ni wako, ukajificha stooni kula mkia.

Ndugu unawaogopa bure. Mjane wa Bagbazar aliyekula ilish si habari. Nimekaa katika kazi hii muda wa kutosha kuijua habari nikiiona, na hiyo haipati hata kona ya chini ya ukurasa wa ndani. Watakusema mpaka binamu fulani aoe vibaya, kisha watahamia huko.

Lililo baya zaidi kuliko mkia ni tonge. Mume wako hakufariki ili awe maelezo ya mwiba. Hivi sasa wapo watu Pune wanaoamini kwamba Wabengali huwakumbuka wafu wao kwa kumeza wali mkavu bila kutafuna. Mwambie Dibyendu aache kulisimulia hilo, na umwambie kwa nini.

Kuhusu biashara, umekosea hesabu. Msafiri anayetaka ilish tu ana pa kwenda. Hoteli za wali karibu na maduka ya vitabu zitamweka kwenye meza ya marumaru, zitampa jani la mgomba, na mhudumu atamtajia samaki wote wa siku bila kuvuta pumzi. Akiogopa miiba, yapo majumba ya chakula ya kifahari yanayoitoa yote kabla ya kumletea sahani, na akila hapo atakuwa amekula kitu kizuri ambacho si ilish. Kwako anakuja kwa sababu ni nyumbani. Sasa anafika, anakuta mwenye nyumba amesimama mlangoni ananusa. Hakuna mgeni anayeshiba vizuri akitazamwa na mtu asiyekula. Nakisia kwamba sahani nyingi hurudi jikoni na nusu ya samaki, na kwamba mnadhani ni ladha. Ni woga. Hawajui waanzie wapi. Keti nao ule. Waonyeshe jinsi vidole vinavyoutafuta mwiba kabla ya kinywa, na ulimi unavyousukuma pembeni ule ambao vidole vimeukosa. Kijiko wakiweke chini. Hilo hawatalipata kwenye meza ya marumaru wala kwenye jumba la kifahari. Kibao kipya kiandike kwamba mwenye nyumba anakula pamoja na wageni. Kitakuwa kweli, na ukweli hauhitaji stoo.

Sasa fanya hivi. Leo, kabla Minoti hajaenda kupanda treni, waite wote waliokuwepo Jumatatu, palepale jikoni. Sema, "Mikia nilikuwa naila mimi." Kisha nyamaza. Usieleze mafua. Usilie, maana ukilia Dibyendu ataita wageni. Shraboni akikasirika mwache akasirike, ana haki, ulimwacha amtukane mtu asiye na hatia huku wewe una samaki tumboni. Mwanao naye akiuliza habari za kibao, mwambie akakishushe mwenyewe, yeye ndiye aliyekipandisha.

Kisha uende na Shraboni kwa wale majirani wawili. Mwende pamoja. Akienda peke yake atasema kulikuwa na kutoelewana, na neno hilo halimtoi mtu kwenye wizi. Wewe useme mla samaki ni nani, kwa jina, kila nyumba, ukiwa umesimama mlangoni. Wakicheka, ngoja wamalize.

Kwa Minoti usitoe zawadi siku hiyo. Zawadi inayokuja na radhi huonekana kama malipo ya kunyamaza, na kunyamaza ameshafanya vya kutosha. Mwambie umemkosea, mwambie umekosea wapi, na umuulize kama anataka kubaki. Akichagua kuondoka na jina lake safi, usimwombe abaki kwa sababu unampenda. Msaidie kupata nyumba nyingine.

Akibaki, siku ya kwanza ilish akiingia ndani, mpike mapema kabla ya wageni. Andaa meza ile ndefu, si kibao cha kukalia cha jikoni. Keti, naye aketi. Mpakulie kwa mkono wako kipande cha tumbo, kile chenye mafuta, na wewe chukua unachotaka ule mbele yake. Akisema hana hamu, kipande hicho kibaki kwenye sahani yake. Usikirudishe kwenye sufuria.